Mtoto Ameingia, Ulemavu Haujaingia

Nitaieleza nchi ya Utambuzi kama nilivyoiona, bila kuipamba na bila kuitukana, kwa sababu nilikaa na watu wake, nikala chakula chao na kuna wengine wao ambao hadi leo ninawapenda. Safari yenyewe haina cha kusimulia. Tulipanda, tukashuka, tukafika. Penye maneno ni huko tulikofika.

Naitwa Namsifu, mzaliwa wa Usangi katika milima ya Upare. Kazi yangu ni ndiva, yale mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba ya mlimani. Watu wa Utambuzi walisikia habari zake wakaniita nikawafundishe. Mume wangu, Eliamani, alibaki nyumbani kumuuguza mama yake. Mimi niliondoka na binti yetu wa pekee, Nakijwa, ambaye sote tunamwita Kijwa.

Kijwa alizaliwa kwa shida, na ubongo wake ukakosa hewa kabla hajalia. Miguu yake haimbebi. Mikono yake hutetemeka anapotaka kushika kitu, na maneno humtoka moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Akili yake, hata hivyo, ni kali, na hasira zake pia. Kwetu alisoma mpaka darasa la tatu kwa hisani ya watoto wenzake, waliokuwa wakimsukuma mlimani kwa zamu. Wakiugua au wakihama, anabaki uani na mimi. Niliambiwa kwamba Utambuzi kuna shule za watoto kama yeye, walimu wenye subira na watu waliosomea kunyoosha viungo. Kwa hiyo nisijifanye kwamba nilifuata ndiva tu.

Kwenye lango la nchi ile pamechongwa maneno juu ya jiwe: HAPA HAKUNA MTOTO ANAYEACHWA. Nilimsomea Kijwa kwa sauti.

"Mbona... wameandika?" akauliza. "Kwani... kuna mtu... aliyewashuku?"

Nikamwambia anyamaze, tupo ugenini.

Sheria kuu ya nchi ile ni moja, nayo ni hii: kitu hakipo mpaka kitambuliwe. Niliiona ikifanya kazi siku ileile ya kwanza. Mvua ilianza kunyesha, tena kubwa, na watu barabarani wakaendelea kutembea taratibu, miavuli yao imefungwa, maji yanawachuruzika usoni. Kisha ofisa mmoja akatoka kibarazani, akatazama juu, akanyoosha kiganja, akatangaza: "Mvua imetambuliwa!" Miavuli yote ikafunguka kwa pamoja. Nilicheka. Nilikuwa sijajua kwamba sheria hiyohiyo inanisubiri ndani.

Aliyetupokea alikuwa ofisa aitwaye Bwana Kadiri, mtu mwembamba mwenye adabu, ambaye alikuwa akigeuza kichwa upande kila anapotaka kukutazama vizuri. Alituzunguka polepole.

"Mama ametambuliwa," alisema. "Karibu. Mtoto ametambuliwa. Karibu, mwanangu. Samani moja imetambuliwa."

"Samani ipi?" nikauliza.

Akaonyesha kiti cha magurudumu alichokalia Kijwa. "Kiti. Mnaruhusiwa kukitumia sebuleni. Barabarani hapana, sheria yetu hairuhusu samani kuzagaa njiani."

"Bwana, hii ni miguu yake. Mtoto wangu ni mlemavu, hawezi kutembea."

Bwana Kadiri aliinama, akanong'ona kama daktari anayetoa habari mbaya. "Mama, nielewe. Mtoto ameingia. Ulemavu wake haujaingia."

"Haujaingia vipi, na yeye huyu hapa?"

"Ulianzia wapi?"

"Nyumbani. Usangi."

"Basi ulemavu huo ni wa huko. Umezaliwa huko, umelelewa huko, unajulikana huko. Hapa ni mgeni. Ni lazima ukae ndani ya nchi msimu mzima wa mavuno, ndipo Baraza liuangalie kama upo. Ungeanzia hapa, hata jana, leo mngekuwa na kila kitu."

Kijwa alinitazama. "Mama... tungeusahau... tu... nyumbani."

Bwana Kadiri alikaribia kucheka, akajizuia.

Tulipewa nyumba nzuri katika mtaa wa mafundi. Nami nilianza kazi, lakini kwa mkono mmoja, maana mwingine ulikuwa kwa Kijwa. Kwa kuwa kiti hakiruhusiwi njiani, nilimbeba mgongoni kila tulikokwenda. Alikuwa amefika umri wa miaka kumi, mrefu, na magoti yake yalinigonga kiunoni kila hatua. Shule ya mtaa ilimpokea kwa ukarimu kabisa. Mwalimu mkuu alisema Kijwa ana haki sawa na mtoto yeyote kupanda ngazi za kwenda darasani. Nilipouliza nani atamsaidia nikiwa kazini, akasema kwa upole kwamba mtoto ambaye ulemavu wake haujaingia anahesabiwa kuwa anatembea, na mtoto anayetembea akikaa chini ya ngazi anahesabiwa kuwa mtoro. Wiki ile aliandikwa mtoro, na wiki iliyofuata vilevile. Nikamrudisha nyumbani.

Jirani yetu ndiye aliyeniokoa nisipandwe na wazimu. Aliitwa Bi Subira, mama wa makamo, mwenye mikono mikubwa ya kukanda unga. Mumewe alikuwa ameteleza kwenye korongo miaka mingi nyuma, akafa, akazikwa na majirani zake. Lakini alikufa wakati ofisi za vifo zikiwa kwenye mkutano, na kifo chake hakikutambuliwa. Kwa sheria Bi Subira bado ni mke wa mtu. Anatakiwa kuandaa sahani mbili, na wakaguzi wakipita huuliza bwana yuko wapi, naye hujibu, "Amechelewa."

"Inauma?" nilimuuliza siku moja.

"Mara ya kwanza ndiyo iliuma," alisema. "Siku hizi ile sahani ya pili nampa huyu." Akamgeuzia Kijwa kijiko. Tangu hapo nikienda kazini Kijwa anashinda kwake, na mambo yao mengine sikuambiwa.

Msimu wa mavuno ulipopita, tuliitwa kwa Baraza la Madaktari. Baraza lile hukaa ghorofa ya juu kabisa ya Jumba la Utambuzi, na jumba lina ngazi tu. Nilimbeba Kijwa mpaka juu, nikafika nimeloa jasho, pumzi zimeniishia. Madaktari walimtazama kwa huruma ya kweli, nisiwasingizie.

"Amefika," alisema mmoja.

"Nimembeba," nikasema.

"Na nyumbani, anakula?"

"Namlisha."

"Anaoga?"

"Namwogesha."

Wakatazamana. Mkubwa wao akanieleza bila ukali wowote. "Mama, sheria inasema haja iliyotimizwa si haja. Mtoto huyu amekula, ameoga, amefika. Tunatafuta upungufu hatuuoni. Wewe umeuziba wote."

"Kwa hiyo nimekosea kumlea?"

"Hukukosea. Umetuzibia tu."

Nilishuka naye zile ngazi nikiwa sioni vizuri. Chini, Bwana Kadiri alikuwa akinisubiri. Aliniambia imebaki njia moja, inaitwa Siku ya Kuonekana. Mtoto anawekwa mbele ya Baraza Kuu asubuhi nzima bila msaada wowote. Mzazi anakaa nyuma ya mstari uliochorwa sakafuni. Akiuvuka, shauri limefungwa, na itabidi kusubiri mavuno mengine.

"Mnataka nimtazame mwanangu akihangaika," nilisema, "ili ninyi muamini."

Bwana Kadiri aligeuza kichwa upande kama kawaida yake. "Mama, mimi jicho langu la kushoto halioni tangu utotoni, kabla hatujahamia hapa. Halijatambuliwa. Mama yangu hakukubali kunipeleka kwenye ile Siku. Mpaka leo sijui kama alinihurumia au alininyima." Alisema hivyo, akarudi ofisini kwake.

Jioni ile, wakati Bi Subira akichambua mboga, nilimweleza Kijwa mambo yote. Sikutaka kumficha, kwa sababu mwili ni wake.

"Wanataka... nianguke?" aliuliza.

"Wanataka waone."

"Nikianguka... watanipa... shule?"

"Ndivyo wanavyosema."

Bi Subira aliacha mboga.

"Basi... nitaanguka," Kijwa alisema. "Lakini wewe... usilie. Ukilia... nitacheka... wataona... nafanya mchezo."

Ukumbi wa Baraza Kuu ni mpana na una mwanga mzuri. Wajumbe hukaa kwenye jukwaa, na katikati yao alikaa mwenyekiti, Mheshimiwa Thabiti, mzee mwenye nyusi nene ambaye, waliniambia, hajawahi kubadili uamuzi tangu alipoteuliwa. Kijwa aliwekwa kwenye kiti cha kawaida cha mbao, kisicho na mikono. Mbele yake meza, na juu ya meza kikombe cha maji. Mimi niliketi nyuma ya mstari. Bi Subira alikuwa pembeni yangu, amenishika kiganja.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kijwa alikaa, akayumba kidogo, akajishikilia ukingo wa meza. Wajumbe waliandika. Jua lilisogea mpaka likamfikia usoni, akawa anafumba macho, hawezi kugeuka. Nikaona midomo yake imekauka. Akanyoosha mkono kukifuata kikombe. Mkono ukaenda kushoto, ukarudi, ukapita juu yake. Akajaribu tena. Vidole viligusa kikombe, kikapinduka, maji yakatiririka mezani hadi mapajani mwake. Akajivuta kuyakwepa, kiti kikainama, akaanguka.

Sauti ya kichwa chake sakafuni ninaisikia hata ninapoandika haya. Nilikuwa nimeshasimama. Ncha za viatu vyangu ziligusa mstari. Bi Subira alinishika kiuno kwa mikono yake yote miwili.

"Itambuliwe kwamba mtoto yuko chini," alisema mjumbe mmoja.

"Haijathibitika kwamba ameanguka," alisema mwingine. "Huenda amechagua kulala. Watoto hulala."

"Hilo lijadiliwe," alisema wa tatu, na wakaanza kulijadili kweli, mmoja akiuliza kama kulala kunahitaji nia, mwingine akitaka kujua wa kwanza kusogea alikuwa mtoto au kiti. Walibishana kwa heshima, kila mmoja akimngoja mwenzake amalize.

Kijwa alikuwa amelala ubavu, shavu lake liko kwenye maji yaliyomwagika. Alinitafuta kwa macho, akanipata, akatikisa kichwa: usije. Kisha akawatazama wale wa jukwaani.

"Shikamoo... babu," alisema.

Wajumbe waliacha kubishana. Hakuna aliyezoea kusemeshwa kutoka sakafuni.

"Marahaba," Mheshimiwa Thabiti alijibu, haraka, kama mtu yeyote mzima anavyojibu mtoto.

"Naomba... maji."

Mzee alitazama kulia, akatazama kushoto. Wenzake walitazama karatasi zao. Kisha akasimama, akashika joho lake lisimkwaze, akashuka jukwaani ngazi kwa ngazi mpaka alipolala mwanangu. Magoti yake yalilia alipoinama. Akampitishia mkono chini ya shingo, akamwinua, akaita aletewe maji mengine, akamshikia kikombe mdomoni. Hakujua kumnywesha. Alikiinamisha mno, Kijwa akapaliwa, maji yakamwagikia mkono wa joho hadi kwenye kiwiko.

"Polepole... babu," Kijwa alimwambia. "Nusu... nusu."

"Samahani, mjukuu wangu. Hivi?"

"Hivyo."

Alimnywesha mpaka akatosheka. Kisha yule mjumbe wa kulala na nia akakohoa. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa masikitiko, mtoto ameshakunywa. Haja imetimizwa. Kwa sheria, hapakuwa na haja."

Mheshimiwa Thabiti alikuwa bado amepiga magoti. Alitazama mkono wake uliolowa.

"Nani amempa maji?" aliuliza.

"Wewe, Mheshimiwa."

"Mimi ni nani hapa?"

"Ni Baraza."

"Basi Baraza limempa. Na Baraza halitendi bure." Akavuta pumzi. "Nilimshika kichwa. Kisingenibaki mkononi kama angeweza kukiinua mwenyewe. Mimi nimeiona hiyo kiu. Kadiri, tangaza."

Bwana Kadiri, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisogea mbele. "Imetambuliwa," alisema, "kiu ya mtoto Nakijwa binti Eliamani, pamoja na kutoweza kwake kushika kikombe."

"Kiu tu," alidai mjumbe yule.

"Kiu tu," alikubali Mheshimiwa Thabiti. "Kwa leo."

Nilivuka mstari nikamchukua mwanangu. Alikuwa na uvimbe juu ya sikio, amelowa, ananuka vumbi la sakafu. Sikulia. Yeye ndiye aliyelia, baadaye, tulipofika nyumbani, kwa hasira na kwa muda mrefu, akinipiga kifuani kwa ile mikono yake isiyolenga, na mimi nikamwacha anipige. Sitamwambia mzazi yeyote kwamba siku ile ilikuwa ushindi. Mtoto hapaswi kuangushwa ili aaminiwe. Niliandika hivyo kwa Eliamani, naye akajibu kwamba angeuvuka ule mstari mapema. Labda. Sijui. Sijui kama mimi nilifanya vizuri kutouvuka.

Lakini niwaeleze kilichofuata, maana ndicho kinachowafanya watu wa Utambuzi wasichukike. Kiu ilipotambuliwa, ikabidi awepo mtu wa kuihudumia. Bi Subira aliomba kazi hiyo akaipata, akaitwa Mnyweshaji. Mnyweshaji kisheria hukaa mahali ilipo kiu, na kiu ya mtoto wa umri ule, aliamua Bwana Kadiri kwa uso mkavu kabisa, kwa sehemu kubwa ya siku iko shuleni. Mnyweshaji huhitaji chombo cha kubebea maji. Bi Subira akafunga chupa pembeni ya kiti cha magurudumu, na kiti kikaacha kuwa samani, kikawa chombo cha maji, ambacho hakuna sheria inayokizuia barabarani. Chombo cha maji kikipandishwa ngazi humwaga. Maji yakimwagika ni hasara ya serikali. Basi mafundi wakaja wakajenga njia ya mteremko ya mbao kando ya ngazi za shule, imara, yenye vishikio pande zote. Kabla ya wiki kwisha niliona wazee wakiitumia, na mama mmoja mwenye mapacha, na mwalimu mkuu mwenyewe, ambaye kumbe goti lake lilikuwa likimsumbua siku nyingi.

Madaktari nao waliendelea kututambua kidogo kidogo. Msimu uliofuata ulitambuliwa mguu wa kushoto, na mtaalamu wa viungo akaja kuunyoosha ule mmoja tu. Alikuwa kijana mwenye aibu. Akimaliza wa kushoto hugeukia dirishani kutazama miti, huku mikono yake ikiendelea na wa kulia. Kifo cha mume wa Bi Subira hakijatambuliwa hadi leo. Nilimpeleka Bwana Kadiri akae naye na kumsikiliza, na alikaa sana, lakini sheria ya vifo haiko mikononi mwake.

Siku ya kwanza ya Kijwa kurudi shule nilisimama chini ya ule mteremko nikitaka kusukuma mwenyewe. Bi Subira alikuwa nyuma ya kiti.

"Mama," Kijwa alisema, "nenda zako. Wenzangu... hawaji... na mama zao."

Nilikwenda zangu. Pale kwenye ndiva mafundi walinikuta nimesimama na jembe, sichimbi, wakafikiri napima ardhi.

Baada ya mavuno mengine mwalimu wa darasa aliniita. Nilifika mbio, moyo juu, nikijua wamepata sheria nyingine. Alinikalisha, akafunga mlango, uso umekunjamana.

"Bi Namsifu, nina malalamiko. Binti yako anaongea sana darasani. Anawachekesha wenzake wa dawati la nyuma, na nikimuuliza, anajibu taratibu makusudi ili somo liishe. Tafadhali mwonye."

Nilimwahidi mwalimu kwa unyenyekevu wote kwamba nitamwonya mwanangu vikali. Nikatoka nje. Kijwa alikuwa chini ya mteremko na wasichana wawili, mmoja amekaa kwenye kishikio, wote wanacheka jambo nisilolijua, na waliponiona wakanyamaza kama watoto wenye siri.

Sikumwonya.